Kioo Kilichogoma Kupanda

Palikuwa na mzee mmoja dereva wa teksi mjini Tanga, na teksi yake ilikuwa Toyota Corolla ya 1998. Siku moja ya masika abiria aliyeketi mbele alishusha kioo amwite muuza machungwa, na kioo kikabaki huko huko chini. Mvua ikashuka, kiti kikalowa chapachapa. Mzee akabonyeza swichi ya mlango wa abiria: kimya. Akabonyeza ile iliyo upande wake: kimya. Wenzake pale kijiweni wakamwambia, "Mota imekufa hiyo. Katafute nyingine."

Mtaniuliza, kwa nini asikivute kioo kwa mikono? Akivute vipi! Mota ya kioo huzungusha skrubu, skrubu ikazungusha gia, na gia ikainua mikono ya chuma inayobeba kioo. Skrubu huizungusha gia, lakini gia haina nguvu ya kuirudisha skrubu nyuma. Ndiyo maana hata mwizi akikikandamiza kioo kutoka nje, hakishuki kirahisi.

Basi mzee akaipeleka teksi kwa fundi umeme wa magari, binti aliyejifunza kazi hiyo kwa mjomba wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mota imekufa."

"Tutaiuliza yenyewe, mzee. Vioo vingine vinapanda?"

Vilikuwa vinapanda. Kwa jibu hilo moja fyuzi ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu katika gari la namna ile vioo vyote hupata umeme kupitia fyuzi moja kubwa. Akatazama pia kile kitufe cha dereva cha kuzuia abiria wasicheze na vioo. Hakikuwa kimebonyezwa. Kisha akatega sikio mlangoni, akamwomba mzee abonyeze swichi ya kupandisha. Sikilizeni na nyinyi, maana hapa pana elimu kubwa. Mota ikivuma na kioo kisisogee, mota ni nzima na kilichovunjika ni gia au mikono inayobeba kioo. Kioo kikipanda kwa kujikokota, mara nyingi ni mpira wa pembeni uliokauka na kujaa vumbi. Pasiposikika kitu kabisa, ama mota imekufa kweli, ama umeme haufiki kwake. Mlango ule haukutoa sauti yoyote.

Binti akachukua bisibisi. Skrubu moja ilijificha nyuma ya mkono wa kufungulia, nyingine chini ya pale abiria anapoegemeza kiwiko. Alipozitoa akaivuta ngozi ya mlango taratibu, vibanio vya plastiki vikiachia kimoja kimoja, tak, tak. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Aliibandua kwa uangalifu kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda cha mtoto, kwa sababu alijua kazi yake. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku, yakiteleza na kioo, na watengenezaji walilijua hilo, wakaacha vitundu chini ya mlango ili yatoke. Nailoni ile ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja kwenye kiti chako. Mafundi wenye haraka huichana na kuitupa, kisha mwenye gari anashangaa zulia linanuka uvundo. Ni kazi mbovu, na mkiiona isemeni.

Sasa mota. Aliichomoa plagi yake, akaleta nyaya mbili kutoka kwenye betri ya volti 12, mmoja ukiwa na fyuzi, akazigusisha. Kioo kikapanda! Akabadilisha nyaya, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, kikashuka. Mota hizi hugeuza mzunguko umeme unapogeuzwa njia, na kazi yote ya swichi ni kuugeuza. Akakipandisha tena.

Mota ilikuwa hai, na mzee alikaribia kuitupa.

Binti akaweka testa kwenye ile plagi, mzee akabonyeza kupandisha. Testa haikuwaka. Hapo akaenda moja kwa moja kwenye bawaba, palipo na mpira mweusi wenye mikunjo unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Aliufungua, akashika waya mmoja baada ya mwingine na kuuvuta kidogo. Nyaya zilikaza, ila mmoja ukarefuka mkononi mwake. Plastiki ya nje ilikuwa nzima, inang'aa, lakini shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Miaka mingi abiria wamefungua mlango ule wa mbele na kuufunga, na kila mara waya ukikunjwa na kukunjuliwa pale pale. Umeme unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Moja ikikatika, mota hulala.

Aliondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Akakata kipande kibovu, akaweka waya mpya wa unene ule ule, wenye nyuzi nyingi nyembamba ili uwe laini, akaunga kwa risasi mbali na mkunjo. Risasi hukakamaza waya, na kiungo kikikaa penye mkunjo kitavunjika tena. Akafunga tepu, akarudisha mpira, nailoni na ngozi ya mlango, akapulizia silikoni kwenye mipira ya pembeni. Oili ya injini hakuitumia, kwa sababu huvimbisha mpira na kunasa vumbi.

Mzee alilipia kipande cha waya na ufundi, basi.

Nanyi, kama kuna gari la zamani nyumbani, ombeni mkubwa awaonyeshe mlango ukiwa wazi, na mtazame bila kugusa nyaya. Kamwe usipitishe mkono wala kichwa juu ya kioo wakati mwenzako yuko karibu na swichi. Vioo vingi vya magari ya umri ule havijui kurudi chini vikigusa kidole.