Mtoto Anataka Udaktari wa Meno Uingereza? Mlango Hufungwa Oktoba 15

Wazazi wengi tuliosoma Tanzania tumezoea utaratibu mmoja: mtoto amalize kidato cha sita, matokeo yatoke, ndipo aombe chuo. Hapa Uingereza, anayesubiri matokeo ya Agosti ndipo aombe udaktari wa meno atakuta mlango ulishafungwa miezi kumi nyuma.

Maombi yote hupitia UCAS. Kozi nyingine nyingi hupokea maombi hadi Januari, lakini kwa udaktari wa meno, kama ilivyo kwa udaktari wa binadamu na wa mifugo, mwisho ni Oktoba 15 ya mwaka unaotangulia masomo. Mwombaji ana nafasi tano za kujaza, ila nne tu ndizo anazoruhusiwa kuombea meno.

Kabla ya hapo kuna mtihani wa UCAT, unaotakiwa na vyuo vingi vya meno. Hufanywa kati ya Julai na Septemba, mara moja tu kwa mwaka. Aliyefanya vibaya husubiri mwaka ujao. Familia zenye kipato kidogo zinaweza kuomba kulipiwa ada ya mtihani huo, na wengi wetu hatuulizi.

Kwenye A-Level, vyuo vingi hutaka A tatu, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Kwa hiyo masomo huchaguliwa mtoto akiwa na miaka 16. Akikosea hapo, kuja kurekebisha baadaye ni kazi.

Kisha kuna usaili. Vyuo vingi humpitisha mwombaji kwenye vituo kadhaa, dakika chache kila kimoja: hapa anamtuliza mgonjwa mwenye hofu, pale anaeleza kwa nini ameichagua kazi hii. Anayejibu kwamba ni baba ndiye anayetaka hafiki mbali.

Lakini kinachowaumiza zaidi watoto wetu ni makaratasi. Mtoto anaweza kupata A zote na bado akakosa mkopo wa serikali, au akatozwa ada ya mgeni ambayo ni mara kadhaa ya ile ya mkazi. Kwa kozi ya miaka mitano, hiyo ni gharama ya nyumba.

Mwaka 2015 Beaurish Tigere, binti aliyezaliwa Zambia na kukulia hapa, alishinda kesi yake Mahakama ya Juu baada ya kunyimwa mkopo kwa sababu hakuwa na ukaazi wa kudumu. Tangu hapo, kwa England, mwenye kibali cha muda naye anaweza kukopeshwa. Asiyetimiza miaka 18 awe ameishi hapa angalau miaka saba. Aliyetimiza awe ameishi nusu ya umri wake au miaka 20. Tena miaka mitatu ya mwisho iwe ya ukaazi halali bila kukatika.

Hapo kwenye kukatika ndipo penye mtego. Kibali kikiisha kabla ya kuombewa kingine, hesabu ya miaka mitatu huweza kuanza upya.

Basi tusingoje matokeo. Mtoto akitamka udaktari wa meno, jioni hiyo hiyo tutazame tarehe mbili: ya UCAS, na ile iliyoandikwa kwenye kibali chake.