Wanandoa, wiki yenu isibaki kwenye daftari

Mpendwa msomaji, Dominika hii naomba nianze kwa kuungama mbele yako.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa paroko katika parokia moja jijini Dar es Salaam, walikuja ofisini kwangu mume na mke waliokuwa wanakaribia jubilei ya miaka 25 ya ndoa. Mume ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, mtu anayeweza kusimama barabarani dakika kumi akimwangalia ndege aliyetua kwenye waya. Mke alikuwa na mgahawa mdogo karibu na kituo cha daladala, na nusu ya mtaa ule ilikula chakula cha mkono wake. Yeye ndiye alikuwa mweka hazina wa kamati yetu ya ujenzi. Walikuja kuomba apumzike kidogo na kazi za kamati, ili wasafiri wiki moja, wao wawili tu, kwenda Mwanza.

Nikawauliza, "Mwanza mna ndugu?"

"Hatuna, Baba," mama akanijibu. "Ndiyo maana tumepachagua. Nimepikia watu miaka ishirini na miwili. Nataka wiki moja nile nilichopikiwa."

Nilicheka. Kisha nikamwambia maneno ninayoyakumbuka hadi leo: "Mama, tumalize kwanza paa la kanisa. Mwanza haihami. Mwakani mtakwenda na baraka zangu."

Walinitii. Paa likaisha. Mwaka uliofuata mama aliugua, na kabla ya Kwaresima tukamzika. Katika mahubiri ya mazishi nilimsifu kwa uaminifu wake katika kamati ya ujenzi.

Baada ya arobaini, mwalimu alikuja na daftari la shule lenye jalada la bluu. Alilikuta kwenye droo ya mgahawa, katikati ya madaftari ya madeni ya wateja. Ndani, kwa mwandiko wa mama, ilikuwa imepangwa ile wiki ya Mwanza, siku kwa siku. Mwalimu ameniruhusu niwashirikishe, naye amesema, "Labda itamfaa mtu."

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza kama mambo ya matembezi yanafaa katika tafakari ya Jumapili. Fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 5. Sheria ya Musa inamkataza mwanamume aliyeoa karibuni kwenda vitani au kupewa kazi nyingine yoyote. Mwaka mzima awe huru nyumbani kwake, amfurahishe mkewe. Kumfurahisha mke kumewekwa katika sheria, tena mbele ya vita! Na katika Injili ya Marko, sura ya 6, mitume wanarudi wamechoka, watu ni wengi hata hawapati nafasi ya kula, naye Bwana anawaita waende kando, mahali pa faragha, wapumzike kidogo. Kazi ilikuwa bado ipo. Aliwaita hivyo hivyo.

Sisi tunasafiri kwa misiba, harusi na vikao vya ukoo. Mume na mke wanapanda basi pamoja, lakini wakifika, yeye anakwenda kwa wanawake jikoni na mume anakaa na wazee chini ya mwembe. Wanarudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Ndiyo maana mama yule alichagua mji usio na ndugu. Ukienda penye ndugu, hiyo ni ziara ya ukoo. Ni jambo jema, lakini siyo likizo ya wawili.

Sasa tulifungue daftari.

Ukurasa wa kwanza ni wa fedha. Aliandika nauli, malazi, chakula, dharura, na pembeni akaonyesha anaweka kiasi gani kila Jumamosi kutoka mauzo ya mgahawa. Chini yake akapigia mstari: "Bila mkopo wa kikoba." Naomba ukariri mstari huo. Likizo ya mkopo inakufanya uhesabu riba wakati mwenzako anakuonyesha ziwa. Kama fedha inatosha siku tatu, nendeni siku tatu.

Ukurasa wa pili ni wa safari. Aliandika Julai, kwa sababu Juni hadi Septemba Mwanza huwa kukavu, tofauti na mvua za Machi hadi Mei na zile za mwisho wa mwaka. Barabara kutoka Dar es Salaam inapita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Siku hizi mngeweza kupanda treni ya umeme hadi Dodoma, mkalala, kisha mkamalizia kwa basi mkiwa na nguvu. Wenye uwezo watapanda ndege na kufika kwa muda mfupi kuliko Misa yenye harambee.

Jumatatu aliandika: "Kufika. Kuoga. Kutofanya chochote. Jioni kutazama mawe." Mwanza huitwa mji wa mawe, na ukifika utaona sababu: majabali makubwa yamepandana vilimani kana kwamba mtoto aliyapanga akaondoka, na nyumba zimejibana katikati yake. Ufukweni, karibu na kivuko cha Kamanga, limesimama jiwe la Bismarck, lililobaki na jina la enzi za Wajerumani. Kaeni hapo jua likizama. Chakula cha kwanza, daftari linasema, ni sato mzima wa kukaanga, ugali na kachumbari, "aliyepikwa na mtu nisiyemjua."

Jumanne ni soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Hapo mtaona sato, sangara na magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda mbali. Mwalimu atakuwa na la kusimulia: sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa katikati ya karne iliyopita, akakua na kuleta biashara kubwa, lakini aliwala furu, wale samaki wadogo wa asili, hata aina nyingi zikatoweka. Mke anatazama sokoni kama mpishi, mume kama mwanabiolojia, na wote wawili wanajifunza kwamba uamuzi wa mtu mmoja leo unaliwa na wajukuu kesho. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia hii ni nyumba yetu ya pamoja. Pale Mwaloni fundisho hilo lina harufu ya samaki.

Jumatano ni Saanane. Ni kisiwa kidogo kilicho ndani ya mji wenyewe, dakika chache tu kwa boti. Miaka ya 1960 kilikuwa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, mojawapo ya hifadhi ndogo kabisa nchini. Mtaona swala pala, pimbi wakiota jua juu ya mawe, na ndege wengi wa majini. Mama aliandika: "Mwalimu na ndege zake. Mimi nibebe karanga na kitu cha kukalia." Mnaona? Alijua mumewe atasimama muda mrefu, akajiandaa kumsubiri bila kununa. Huo ni upendo wa miaka 25, hauna maneno mengi.

Pembeni aliandika "msiingie majini", naye alisema kweli. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria kuna kichocho. Maji yatazameni, msiyachezee. Laleni ndani ya chandarua. Na mkipanda chombo chochote, vaeni maboya, na kikijaa kupita kiasi shukeni. Sisi tunaokumbuka Mei 21, 1996, siku ilipozama MV Bukoba, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Ijumaa ni Bujora, Kisesa, kwenye barabara ya kwenda Musoma. Ipo makumbusho ya Wasukuma, na hapa padri naomba nijivunie kidogo, kwa kuwa aliyeianzisha ni padri mmisionari kutoka Kanada, David Clement. Aliamini kwamba ngoma, viti vya watemi na hekima ya Wasukuma havikuwa adui wa Injili. Mkienda Juni, karibu na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, mtaikuta sikukuu ya Bulabo, ambapo wachezaji wa Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Ulizeni michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya miezi ya njaa. Vileni na karanga. Mama aliandika, "Niulize wanavyokausha." Hata likizoni jiko halikumtoka.

Jumamosi aliacha nafasi kubwa nyeupe, yenye neno moja: "Kulala." Jumapili: Misa katika Kanisa Kuu la Epifania, Bugando. Epifania ni sikukuu ya watu waliofunga safari ndefu wakafika, wakasujudu, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Wanandoa nao wakisafiri vizuri hurudi kwa njia nyingine, hata kama basi ni lile lile.

Msomaji makini ameona kwamba nimeruka Alhamisi. Nimeiruka kwa makusudi.

Alhamisi palikuwa na mzozo mdogo, mwalimu aliniambia. Yeye alitaka Serengeti. Lango la Ndabaka liko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, safari ya saa mbili na zaidi kwa gari, na linakuingiza ukanda wa magharibi, kwenye mto Grumeti wenye mamba wakubwa. Kiingilio kwa raia ni nafuu. Kinachoumiza ni kukodi gari, kwa hiyo mkipata wanandoa wengine wa kuchangia, changieni. Mama alitaka Ukerewe. Meli ya kwenda Nansio huchukua kama saa tatu, na kisiwani unalala usiku mmoja, unakula machungwa na samaki aliyevuliwa siku hiyo. Waliacha bila kuafikiana, kisha mimi nikawaambia wasubiri paa.

Kwenye daftari, mbele ya Alhamisi, ameandika: "Mwalimu achague."

Mwalimu alinyoosha kidole kwenye mstari huo. "Baba, sikujua," akasema. "Ningechagua Ukerewe, kwa kuwa ndiko alikotaka. Lakini ona hapa." Pembeni, kwa penseli hafifu, mama alikuwa amekwisha kuandika bei ya kukodi gari la kwenda Serengeti, na ameitoa kwenye fungu lake la vitenge.

Tulikaa kimya muda mrefu, ndugu zangu. Nilitaka kumwomba msamaha, na niliuomba. Alinijibu, "Baba, hata sisi tulikubali haraka. Tulidhani tuna muda."

Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, wanafunzi wametoka kuvua usiku kucha. Wanafika ufukweni na kukuta Bwana Mfufuka amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Anawaita waje wafungue kinywa. Aliyeshinda mauti aliona vyema kuwapikia waliochoka, kando ya ziwa. Kila nisomapo sura ile namkumbuka mama wa mgahawa, naamini sasa anakula alichopikiwa. Lakini najua pia kwamba wiki moja ya hapa duniani ilikuwa haki yake, na mimi nilichangia kumnyima.

Kwa hiyo leo jioni, mkishamaliza kula, zimeni runinga. Chukueni daftari. Kila mmoja aandike chakula kimoja anachotamani kula na sehemu moja anayotamani kuiona, bila mwenzake kuchungulia. Kisha badilishaneni. Papa Fransisko aliwausia wanandoa maneno matatu: ruhusa, asante na samahani. Kupanga safari kutayahitaji yote matatu kabla hamjafika hata kituo cha basi. Amueni watoto wabaki kwa nani. Wekeni tarehe, na fungu la kila wiki, hata likiwa dogo. Siku moja iacheni wazi, mwenzako achague.

Nanyi mapadri wenzangu na viongozi wa jumuiya, wakija kuomba wapumzike wiki moja, wapeni ruhusa siku hiyo hiyo. Paa litasubiri.

Mwalimu anastaafu mwakani. Ameniambia atakwenda Mwanza mwezi Julai na binti yao wa kwanza pamoja na mumewe, ambao wana miaka minne ya ndoa. Nilimuuliza Alhamisi watakwenda wapi. Akasema hajui, amewaachia wao wachague.

Mungu awabariki ninyi na ndoa zenu. Dominika njema.