Gari Likirudi Tupu, Nani Amelipa Mafuta?

Kabla jua halijachomoza, mwalo wa Ggaba jijini Kampala umeshaamka. Mitumbwi inashusha ngege na sangara, magunia ya mukene, yaani dagaa, yanarundikwa ukingoni, na boti kutoka visiwa vya Koome zinaleta mkaa na ndizi. Nje ya soko, Hiace na TownAce zilizong'olewa viti zimeacha wazi milango ya nyuma. Samaki hangoji. Barafu ikiyeyuka kabla mzigo haujafika Nakasero, Busega au Entebbe, bei inashuka na lawama zinamwangukia dereva.

Hapo ndipo dereva mgeni hupata somo la kwanza, tena kwa kujipunja mwenyewe. Mama wa samaki humwuliza, “Ssebo, Entebbe utanipeleka kwa ngapi?” Naye hupiga hesabu ya mafuta ya kufika huko, huongeza cha juu kidogo, hutaja bei. Jioni noti ziko mfukoni, roho imetulia. Miezi ikipita, matairi yamelika, usukani unagonga, na pesa ya fundi haipo. Alitoza safari moja akaendesha mbili: ya kwenda na mzigo, na ya kurudi tupu.

Kwa anayeingia kazi ya mizigo ya haraka, awe na Hiace ya Kampala au kirikuu cha Dar es Salaam, hilo ndilo la kulielewa kabla ya mengine yote. Kinachoila biashara hii ni kilomita ambazo hakuna mteja aliyezilipia.

Kilomita moja ni shilingi ngapi?

Tufanye mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila dereva aweke zake. Gari linakwenda kilomita 10 kwa lita ya petroli, na lita ni shilingi 5,000 za Uganda. Kilomita moja imekula 500. Matairi manne ya jumla ya shilingi milioni 1.2 yakidumu kilomita 40,000, kila kilomita imekata 30. Kubadilisha oili na filta kwa 200,000 kila baada ya kilomita 5,000 ni 40 nyingine. Tenga 150 kwa ajili ya breki, shokapu, bushi na klachi. Tumefika 720.

Bado gari lenyewe. Likinunuliwa kwa milioni 30 na kuuzwa miaka 5 baadaye kwa milioni 15, limepoteza shilingi 250,000 kila mwezi, hata mwezi ambao lilishinda gereji. Ongeza 100,000 za bima, maegesho na mlinzi wa usiku. Gari likitembea kilomita 2,000 kwa mwezi, hizo 350,000 zinageuka 175 kwa kilomita. Jumla ni karibu shilingi 900 kwa kila kilomita, na dereva bado hajala.

Sasa turudi kwa mama wa samaki. Kutoka Ggaba kupitia Munyonyo hadi Entebbe tuseme ni kilomita 40. Kwenda na kurudi 80. Zidisha kwa 900, unapata 72,000. Barabara ya kasi ya Entebbe imekuwa ya kulipia tangu Januari 2022, na gari dogo hulipa 5,000 kila upande, kwa hiyo weka 10,000. Vijana wa kupakia wape 5,000. Safari imegharimu 87,000. Aliyekubali kubeba kwa 100,000 amebakiwa na 13,000 kwa kazi ya nusu siku. Lakini mwenzake aliyepata mzigo wa kurudi wa 40,000 amebakiwa na 53,000 kwa kilomita zilezile.

Tofauti yao ni simu moja iliyopigwa kabla ya kuondoka. Wazoefu huwa na orodha ya watu wa Entebbe, Kajjansi na Abayita: mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mfugaji anayetaka magunia ya chakula cha kuku, familia inayohama nyumba. Huuliza jana yake jioni. Anayesubiri kufika ndipo atafute mzigo, mara nyingi hurudi na upepo.

Hesabu ya kilomita si ya Kampala peke yake. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, kila mwaka hutangaza kiwango cha gharama ya kuendesha gari kwa kazi. Kwa mwaka 2025 kilikuwa senti 70 za dola kwa maili moja, na ndani yake mmehesabiwa mafuta, matengenezo, bima na kuchakaa. Hata huko, mafuta ni sehemu tu ya bei ya kilomita.

Bei ya mafuta haina tarehe

Dereva wa Nairobi husubiri tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya nishati, EPRA, itangaze bei ya juu ya mafuta. Wa Dar es Salaam husubiri Jumatano ya kwanza, mamlaka ya huko, EWURA, itoe zake. Wa Kampala hana wa kumsubiri: Uganda iliacha bei kwa soko huria tangu miaka ya 1990, na kila kituo hujipangia. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani na Kenya wakipinga vipimo vya UVIKO, mafuta yalikuwa haba na bei ikapaa. Katikati ya mwaka huohuo petroli ilivuka shilingi 6,000 kwa lita jijini.

Katika mfano wetu, lita ikipanda kutoka 5,000 hadi 6,000, kilomita inaongezeka shilingi 100. Safari ya kilomita 80 imepoteza 8,000, yaani zaidi ya nusu ya zile 13,000. Kwa hiyo mteja wa kila wiki asipewe bei ya mwaka mzima. Aambiwe mapema kwamba bei hii ni ya lita ya 5,000. Ikipanda, tutazungumza upya. Wauza samaki wanaelewa lugha hiyo, maana nao bei yao hubadilika kila asubuhi.

Barabara nazo zina mkono wake. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika watu mitandaoni waonyeshe picha za mashimo ya Kampala, na picha zikamiminika hadi serikali ikalazimika kujibu. Kwa dereva wa mizigo, mashimo hayo yamo kwenye zile 150 za shokapu na bushi. Anayebeba kilo 1,000 kila siku asitenge pesa sawa na anayebeba mikate.

Samaki ana gharama zake

Mzigo wa Ggaba hulipa vizuri kwa sababu unaoza upesi. Lakini maji ya samaki na barafu huingia chini ya mkeka wa sakafu, hukaa kwenye maungio ya bati, na kutu huanza mahali usipopaona. Gari ambalo halikutandikwa turubai zito au bati la ziada litahitaji kuchomelewa sakafu mapema. Kuna na harufu: gari lililobeba mukene asubuhi haliwezi kubeba magodoro mchana bila kuoshwa kwa sabuni na kukaushwa juani. Pesa ya kuosha na saa za kukausha ziingie kwenye bei ya samaki, zisiingie mfukoni mwa dereva.

Kubwa zaidi ni sheria. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilianza kusimamia uvuvi ziwani, na samaki wachanga wakikamatwa, gari lililowabeba huwa matatani pamoja na mwenye mzigo. Sangara asipungue inchi 20, ngege asipungue inchi 11. Dereva anayesema “mimi nabeba tu” huona gari limezuiwa siku kadhaa, na siku hizo hakuna anayezilipa. Fungua kreti, tazama, uliza kibali cha mzigo. Mteja akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Kungoja nako ni kazi

Upepo ukivuma ziwani, boti huchelewa. Dereva aliyeitwa saa kumi na moja alfajiri anaweza kupakia saa tatu, akaingia barabara ya Ggaba wakati foleni ya Kansanga na Kabalagala imeshashikana. Amepoteza mizigo mingine, na injini imekula mafuta ikiwa imesimama. Wakubaliane kabla: saa ya kwanza ya kungoja ni bure, zinazofuata zina bei. Ukilitaja hilo wakati wa kupatana, linaonekana ni utaratibu. Ukilitaja baada ya kushusha mzigo, unaanzisha ugomvi.

Kodi hupungua kwa mwenye daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nchini Uganda sheria ya kodi inawaunga mkono. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza Julai 2020, mwenye mauzo ya kati ya milioni 30 na 50 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 200,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 80,000 na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30. Aliyeuza milioni 36 akiwa na daftari atalipa 110,000. Daftari la shule limemwokolea 90,000.

Mwenye gari la uwezo wa tani 2 na kuendelea ajue pia kuna kodi ya mapato ya kulipa mapema, 50,000 kwa kila tani kwa mwaka. Na wanaolipwa kwa simu wakumbuke tozo ya asilimia 0.5 inayokatwa wakati wa kutoa pesa, juu ya ada ya kampuni ya simu. Ni kidogo kwa safari moja, ila ukiweza kulipia mafuta moja kwa moja kwa simu, huna haja ya kuitoa.

Gari la bosi, gari la mkopo

Wengi huanza na gari la mtu na kupeleka hesabu kila jioni. Ubaya wake unajulikana: hesabu haijui kama leo boti zilichelewa. Uzuri wake husahaulika: matairi na injini mara nyingi ni za bosi. Kwa mgeni hii ni shule ya bei nafuu, mradi wakubaliane kwa maandishi nani analipa fundi, nani analipa faini.

Anayenunua akague mwaka wa gari. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari ya miaka 15 au zaidi, kwa hiyo mengi yanayouzwa kwa bei ya kutupa yameshazunguka nchini kwa muda mrefu. Akope kwa macho mawili. Mwaka 2024 riba ya wakopeshaji binafsi iliwekewa kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Inasikika ndogo, lakini kwa mkopo wa milioni 10 ni 280,000 za riba kwa mwezi wa kwanza. Zigawe kwa kilomita 2,000: kila kilomita imeongezeka 140, na zile 13,000 za Entebbe zimebaki 1,800. Hapo mtu anafanya kazi mwezi mzima kumlipa mkopeshaji.

Wala programu za simu hazifuti hesabu hii. Sendy ya Nairobi iliunganisha wateja na wenye pikipiki, vani na malori, ikapata wawekezaji wakubwa, Toyota Tsusho akiwemo, na bado ikafungwa mwaka 2023. Oda nyingi ni jambo jema. Oda inayolipa kwenda na kurudi ni jambo jingine. Anayepewa kazi na programu au dalali aondoe kwanza kamisheni, ndipo azidishe kilomita.

Kwa anayeanza wiki hii, kazi ya kwanza ni ya kalamu. Kwa mwezi mmoja aandike kila safari: kilomita za kwenda, za kurudi, lita, saa za kungoja, pesa iliyopokelewa. Mwisho wa mwezi atajua kilomita yake ni shilingi ngapi, na atakuwa na bei ya chini ambayo hashuki. Watakuwapo wa kumwambia jirani yake anabeba kwa 80,000. Amwache jirani abebe. Yeye akae mwaloni apige simu za mzigo wa kurudi, maana kwa hesabu yetu, anayekwenda Entebbe kwa 80,000 na kurudi tupu amemsafirishia mteja samaki kisha akamwongezea 7,000 za mfukoni mwake.