Mbegu za Nyanda za Juu: Yapi Mafuta Magumu Kuliko Yote?

Taji ni la msambu, na sioni wa kulipinga. Huu ni mti wa misitu ya Tao la Mashariki, kuanzia Usambara hadi Udzungwa, milima ambayo upande wake mmoja umo wilayani Kilolo. Jamii zake mbili zinazoota huku hazimei porini nje ya Tanzania. Tunda lake huweza kufikia sentimita 30. Zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya steariki, ile inayogandisha. Siagi ya kakao ina takribani theluthi tu. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliruhusu mafuta haya yatumike kwenye siagi za kupaka mkate.

Anayeyumbishwa zaidi na hali ya hewa ni alizeti. Mbegu inapojaa, asidi ya oleiki hugeuzwa kuwa linoleiki. Usiku ukiwa na joto, kazi hiyo hupungua na oleiki hubaki nyingi. Kwa hiyo mbegu ileile ya kawaida ikipandwa kwenye baridi ya Kilolo hutoa mafuta yenye linoleiki zaidi kuliko ikipandwa bondeni kwenye joto. Linoleiki huchacha upesi, basi mkamuaji wa milimani asiyaweke mafuta yake juani.

Kakao nayo, ambayo kwa mkoa wa Mbeya ni zao la Kyela, hufuata joto: siagi ya Malaysia ni ngumu, ya Bahia nchini Brazil ni laini.

Mbegu maskini kuliko zote ni ya parachichi; mafuta yake karibu yote yamo kwenye nyama ya tunda.

Lakini kama baridi hulainisha mafuta, mbona msambu wa kwenye ukungu ndio mgumu kuliko wote? Hali ya hewa huyabadilisha mafuta ndani ya jamii moja. Kati ya jamii na jamii, ukoo ndio wenye nguvu. Ugumu wa msambu ni wa kuzaliwa.

Mwenye shamba pembezoni mwa msitu, usikate msambu usiozaa. Miti hii ina wa kiume na wa kike, na wa kike hauzai bila chavua ya wa kiume.