Ndani ya Jani la Mpera

Mpera, ambao kitaalamu huitwa Psidium guajava, ulitoka katika nchi za joto za Amerika na sasa huota katika nyua nyingi za Afrika Mashariki, ambako majani yake huchemshwa ili kutuliza tumbo la kuhara. Desturi hiyo hueleweka vizuri zaidi jani linapokatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini.

Juu kabisa ipo epidermisi, yaani tabaka la seli linalofunika jani na kupakwa nta inayozuia maji yasipotee. Chini yake zimejipanga seli ndefu zilizosimama wima, zenye umbijani, ambazo hufanya sehemu kubwa ya usanisinuru. Stomata, yaani vitundu vya kupitishia hewa na mvuke, ziko upande wa chini, katikati ya vinyweleo vifupi. Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni vifuko vya mafuta, ambavyo ni nafasi ndogo za mviringo zilizozungukwa na seli zinazotoa mafuta yenye harufu. Vifuko hivyo ni alama ya familia nzima ya Myrtaceae, ambayo inaujumuisha mkarafuu wa Unguja na Pemba, mkaratusi na mzambarau, na ndivyo vinavyopasuka jani likifikichwa. Kemikali iitwayo kariofilini, ambayo imo pia katika mafuta ya karafuu, hupatikana humo.

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba harufu ndiyo dawa, kwa kuwa mafuta hayo hayachanganyiki vizuri na maji, na mengi hupotea pamoja na mvuke sufuria inapochemka. Kinachobaki majini ni tanini, kemikali chungu inayokausha ulimi wa anayetafuna jani changa, ambayo hushikamana na protini na hivyo kukaza utando wa ndani wa utumbo. Pamoja nayo zimo kemikali za kundi la flavonoidi, hasa kwasetini, ambayo katika majaribio ya vipande vya utumbo wa wanyama ilipunguza mikazo ya misuli. Kwasetini ikiwa peke yake huyeyuka kwa shida sana. Lakini jani huihifadhi kwa wingi ikiwa imeungana na sukari, na muungano huo huirahisishia kuyeyuka katika maji ya moto.

Kemikali hizo hazirudishi maji na chumvi ambazo mwili umepoteza, kwa hiyo mtoto anayeharisha lazima apewe maji yenye chumvi na sukari ya kipimo sahihi, hata kama chai ya mpera imekwisha kutengenezwa.