"Battle Royale": Filamu Iliyosemekana Imepigwa Marufuku Marekani



Kila nikifundisha sinema za Asia hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, si hii ndiyo ile iliyopigwa marufuku hapa Marekani?" Na hata sisi wenye shahada zetu tumeipokea habari hiyo kama ilivyo. Jamani, si kweli. Hakuna sheria wala mahakama ya Marekani iliyoifungia Battle Royale. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 11 kutolewa rasmi huku kwa DVD. Ilikuwaje basi?

Tuanze kwao Japani. Mwongozaji Kinji Fukasaku aliitoa Desemba 2000, kutokana na riwaya ya Koushun Takami ya mwaka 1999. Serikali ya kubuni, iliyowachoka vijana wake, inapeleka darasa zima la wanafunzi 42 kisiwani. Wanavishwa ukosi wenye baruti, wanapewa siku tatu wauane mpaka abaki mmoja. Silaha ni bahati yako: mmoja apata bunduki, mwingine mfuniko wa sufuria!

Kabla hata haijaonyeshwa, wabunge walikuja juu, akiwemo Koki Ishii. Nchi ilikuwa na hofu ya watoto wake tangu mauaji ya Kobe ya 1997, ambayo mtuhumiwa wake alikuwa na miaka 14. Bodi ya Eirin, ambayo ni chombo cha wenye sinema wenyewe na si cha serikali, ikaizuia kwa walio chini ya miaka 15. Kwa hiyo wengi wa rika linalosimuliwa humo hawakuruhusiwa kuingia. Hata hivyo iliingiza zaidi ya yeni bilioni 3.

Huku Marekani, jeraha la Columbine la Aprili 1999 lilikuwa bado bichi. Nani angethubutu kuuza filamu ya wanafunzi wanaouana? Wenye haki na wasambazaji hawakuafikiana, mambo yakalala. Uingereza ilionyeshwa tangu 2001, kisha ikauzwa kwa DVD. Lakini DVD zilikuwa na namba za maeneo: Marekani namba 1; Uingereza, Japani, Oman na Ghuba namba 2; Kenya na Tanzania namba 5. Mashine ya kawaida iliyonunuliwa hapa ilikuwa ikiitema diski ya London. Tuliotaka kuiona tulitafuta mashine ya kusoma maeneo yote, au nakala za kurudufu ambazo tafsiri yake, mmh, Mungu anajua. Kwa hiyo "marufuku" hii ilitokana na woga wa kibiashara pamoja na namba iliyofichwa ndani ya diski.

Machi 2012 ndipo Anchor Bay walipoitoa rasmi kwa DVD na Blu-ray, siku chache kabla ya The Hunger Games kuingia sinema. Toleo kubwa lina filamu ya awali, ile iliyoongezwa ya 2001, na sehemu ya pili. Fukasaku hakuwahi kuliona, maana alifariki Januari 2003.

Nasema haya kwa sababu amri ya serikali ina sahihi ya mtu, na waweza kuipinga mahakamani. Woga hauna sahihi. Utamshitaki nani? Na wakati huo watu huhukumu kitu wasichokiona. Mimi mwenyewe niliwahi kuiita filamu ya damu tupu kabla sijaiona, nikaja kuona haya.

Maana Fukasaku akiwa na miaka 15, mwaka 1945, alifanya kazi katika kiwanda cha silaha. Mabomu yalipopiga, waliosalia walijikinga chini ya miili ya wenzao, kisha wakaikusanya. Hapo ndipo alipopoteza imani na wakubwa. Mkiitazama, msiwaangalie watoto peke yao. Waangalieni watu wazima waliowapeleka kule.

Nawasilisha. Mwenye zaidi na anikosoe.