Daraja la Kwanza, Mtaa wa Kongo
Utafiti wangu wa mwaka wa tatu niliufanyia Kariakoo, nikifuatilia safari ya vitenge kutoka Guangzhou. Mama mmoja wa Mtaa wa Kongo alipasua robota kwa wembe, akanisogezea lebo. "Soma, mwanangu, si wewe msomi?" Kichina kitupu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa daraja la kwanza kuanzia GPA ya 4.4. Mimi nilikuwa na 4.3, kwa hiyo tasnifu ndiyo ingeamua. Na chuo chenyewe, wengi hawajui, kilianzia jirani hapo, Mtaa wa Lumumba, Oktoba 1961, katika jengo la TANU, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mlimani kilihamia 1964.

Kwa yule mama nilirudi mara sita. Ya saba akanipa daftari lake la madeni.